Mtungi wa Kimosop

Kimosop, mpandishaji ng'ombe wa Bahati,
alituletea mtungi usio na mbegu za fahali,
baridi tupu, inayofuka kama sufuria ya uji.

Nyaguthii alikuwa amepanga diski za breki
ndani ya kasha la kubebea samaki.
"Polepole. Chuma kikishtuka kitapasuka."
Tukamimina kikombe baada ya kikombe,
Shabab yote imelala,
mbwa wa gereji akipiga chafya.

Mimi nililelewa na nyundo:
chuma kikunje kingali moto.
Usiku huo nikaona chuma kikifundwa na baridi,
chembe zilizosimama ovyo tangu kiwandani
zikisogeana, zikibanana mabega.

Alfajiri tukazipeleka kwa Omwoyo, mwoka mikate.
Zikaingia jikoni baada ya skonzi,
moto wa taratibu, saa mbili.
Alitutoza mia mbili
kisha akanusa mikate yake yote.

Zitadumu? Sijui.
Mwenye pikapu ya kabichi
hakuuliza habari za baridi wala bei.
Aliuliza:
Salgaa, kwenye ule mteremko,
zitashika?

Nyaguthii akafuta mikono, akaifuta tena.
Kaka yake aliteremka pale
bila kuuliza.