Ramani ya Ukuta wa Kaskazini

Rangi ya buluu iliishia Ghuba ya Speke.
Kopo la nusu lita, mabaki ya milango ya zahanati,
nami nilianza kwa mkono mpana upande wa magharibi
kama mtu anayemaliza mboga yote kwa tonge la kwanza.

Rubondo nikaipa kijani kibichi, pori lisilo na jiko.
Maisome nikaichora kama ndala iliyosahauliwa mlangoni.
Kome ikatoka nene kuliko haki yake,
na Juma, pale mdomoni mwa Ghuba ya Mwanza,
ni tone la brashi, sikulikusudia,
lakini lilidondokea mahali pake.

Sisi tuko hapa, niliwaambia Darasa la Tano Kayenze,
nikaigonga ncha ya rasi kwa chaki:
maji kushoto, maji kulia, maji mbele,
mgongoni tu ndipo nchi kavu imetushika
kama mtoto aliyeshikwa upindo wa shati asidumbukie.

Masanyiwa akauliza Bezi iko wapi,
Bezi anayoiona kila asubuhi akipiga mswaki.
Nikaweka nukta.
"Mwalimu, ile ina watu."
Nikainenepesha nukta.

Kisha Nyangeta, aliyehamia muhula wa pili,
akasimama mbele ya Ukerewe.
Akapitisha kidole Nansio, akapitisha Murutunguru,
akavuka mlango mwembamba wa maji, akafika Ukara,
na hapo akafungua kiganja. Kisiwa kikafunikwa chote.
"Hapa bibi yangu anabeba samadi kwa tenga,
shamba hadi shamba, anachoka hajafika mpakani.
Hapa kinakwisha kwa mkono wangu."

Nikamweleza kipimo: sentimita moja, kilomita moja.
Akatikisa kichwa kwa adabu, kama anayepokea chenji pungufu.
"Na huyu Speke, alikaa hapa?"
"Alipita."
"Siku ngapi?"
"Chache."
"Bibi ana miaka themanini na moja
na hana hata dimbwi."

Mvua za Machi zikapata upenyo juu ya lenta.
Katikati ya ghuba, palipobaki chokaa tupu,
likaota doa, kingo zake rangi ya chai,
umbo lake ini la mbuzi.
Mwalimu Mkuu Bugingo akasema, lifutwe.
Watoto walikwisha kulipa jina.
Wanalizungushia penseli kila Ijumaa, na tarehe pembeni:
mvua ikizidi, linatanuka,
jua likiwaka wiki mbili, linarudi ndani ya mstari wake wa zamani.

Sikuwazuia. Mwaka ule ziwa lilipopanda
lilimeza vichanja vya dagaa na njia ya gatini,
choo cha soko kikasimama majini kama kimetumwa na mtu,
na ufuko wangu ukutani, wa rangi ya mafuta,
haukusogea hata unywele.

Jana buluu mpya imefika, lita nzima.
Nimepaka ghuba yote hadi Bunda,
na nilipolifikia doa nikalizunguka polepole,
kama nahodha anayejua mwamba ulipolala.
Nimerudi nyuma hatua tano, nimeweka mikono kiunoni.

"Mwalimu," anasema Masanyiwa,
"umeisahau Irugwa."