Ovaroli za Muhenna

Haitham, lirudishe dukani hilo debe la dhahabu.
Najua limekugharimu. Najua yule kijana wa sanaiya
amekuapia kwamba linaifanya injini iimbe.
Basi la babu yako haliimbi.
Limekohoa tangu mwaka sabini na nne
na kwa kikohozi hichohicho likawafikisha skuli
wasichana wa Mudhairib, kabla ya kengele.

Mimi sikushika spana. Nilifua.
Miaka ishirini na sita nilifua ovaroli zake
kwenye beseni la bati, hapahapa Ibra, nyuma ya jiko,
na kila doa lilinieleza lilikotoka.
Jeusi, jepesi: injini.
Zito, rangi ya asali: giaboksi.
Grisi haikutoka kabisa. Nikaiachia,
ikamkaa begani kama cheo.

Basi, sikiliza. Basi hili linataka namba hamsini,
ya kawaida, isiyo na sabuni ndani.
Arobaini ukipenda, Disemba,
asubuhi zile ambazo hata sisi tunatafuta soksi.
Hizi mpya zina sabuni. Zinasafisha, ndiyo,
lakini sabuni naijua kuliko fundi yeyote:
kanga kuukuu ukiitia dawa kali
inatoka safi, na matundu.
Humo ndani mna masizi ya miaka hamsini
yamejibanza penye nyufa, yamegeuka kizibo.
Yang'oe yote kwa siku moja
na kesho utalikuta basi safi kabisa
limekaa juu ya ziwa lake.

Nilipofika huku, mwalimu wa darasa la jioni
alinisugua hivyohivyo. Kila neno la kwetu, taka.
Nikatoa *jiko*, nikatoa *beseni*, nikatoa *mwanangu*.
Nikatakata. Mwezi mzima sikuwa na la kumwambia mtu.
Usiku mmoja Muhenna akaingia, akavua viatu, akasema
"N'na njaa mie," kwa sauti ya Chake Chake,
na mimi, mtu mzima, nikavuja.

Tuliishia wapi? Giaboksi.
Namba tisini, lakini nusa kwanza.
Mwaka mmoja wakandarasi wa barabara walimpa ya bure,
nzuri, ya bei, ya malori yao mapya.
Ovaroli ikaja inanuka yai viza.
Nikaifua na bangili yangu ya shaba mkononi;
itazame, mpaka leo haijang'aa.
Mle ndani mna pete za shaba pia.
Salfa inazila kimya, kama deni.
Ilipofika Ramadhani gia ya pili ilikuwa ikilia
kila mlima, na wasichana wakiiigiza.

Mafuta ya breki yawe na funeli yao peke yao.
Yakikutana na oili, hata tone,
mipira ya zamani inavimba kama mkate kwenye chai,
na breki si kitu cha kujaribia.
Kile kidonda kwenye mlango wangu wa kijani
ulidhani kutu? Aliweka kopo hapo, akaenda kuswali.

Na rejeta. Usiniletee habari za maji ya falaji.
Ni matamu, tumeyanywa, tumeyaogea maiti na maharusi,
lakini funua birika langu, tia kidole.
Unaona hayo magamba meupe?
Sasa fikiria mirija myembamba kuliko kidole chako,
mwezi wa Juni, kwenye mlima.
Nunua maji ya betri. Ubahili ufanyie kwingine.

Usiandike. Unaandika nini?
Namba utazisahau, na makopo watayabadilisha rangi.
Fungua sanduku lile, chini ya mashuka.
Iko moja sikuifua.
Nenda nayo kwa yule kijana wa sanaiya,
mwambie akunje uso wake aunuse ukosi,
kisha mwambie: nataka inayonukia hivi.

Na uirudishe.