Kahindi Anataka Pikipiki

Kahindi, punguza mbio,
noti hizo si za leo;
hilo dude la mlio
litakumwaga njiani.

Twaa ndogo, mia moja,
kaa, miguu pamoja
iguse; mimi nangoja
nikuone mchangani.

Twalibu akikuita
na injini yafukuta,
keti kwanza, ngoja, sita,
ipoe ndani kwa ndani.

Ikipoa ipe teke;
ikohoe, iamke.
Moshi buluu? Ucheke,
aga, urudi nyumbani.

Bomba usilitoboe,
madigadi siing'oe,
pesa hiyo uokoe
kwa vioo vya pembeni.

Safari atachomea
vyuma vya kukukingia
goti, maana, tambua,
utaanguka, amini.

Chumvi ya Malindi mwizi,
haibi kwa waziwazi:
mnyororo wa majuzi,
leo kutu vidoleni.

Ukitokea Mayungu,
maji baridi, mwanangu,
na oili, si ya chungu,
tonesha mnyororoni.

Kovu hili waliona?
Si la ajali ya jana.
Breki sikupima, mwana,
nikaingia dukani.

Mbaazi zikamwagika!
Bi Sidi bado acheka;
kila pale nikifika
hunihesabia deni.