Bado Ina Moto

Kengele ya kilo mia nne ikimiminwa Jumatatu,
Alhamisi unaigusa kwa kiganja.
Hilo nalijua hata mimi, mtunza hesabu,
niliyeajiriwa kuandika bei ya bati na ankara za makaa,
si kunusa udongo.

Lakini Jernej aliizika ya pili mwezi Septemba,
majani ya mizabibu yakawa mekundu, yakadondoka,
theluji ya kwanza ikashuka toka milimani
ikalala juu ya shimo bila kuyeyuka,
naye anasema, "Bado ina moto."

Ya kwanza tuliisikia wote.
Jumapili ya Pasaka, bonde zima la Sava limevaa kola safi,
Padri Gasper kavuta kamba:
mlio mmoja. Wa pili ukatoka kama sufuria
iliyomponyoka mtoto jikoni.
Mtu alicheka. Mmoja tu, nyuma, karibu na matrekta.
Jernej hakumwona ni nani,
kwa hiyo tangu siku ile anamwona katika kila uso:
kwa mwoka mikate, kwa muuza stempu,
kwenye kioo, akinyoa ndevu.

Simu ikilia napokea mimi.
"Ndiyo, Padri. La, Padri. Bado ina moto."
Uongo huo nimeusema mara kumi na moja. Nimeuorodhesha
ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya Madeni.

Anaogopa nini hasa? Ufa?
Ufa ni mstari tu, mwembamba kuliko unywele.
Usiku mmoja, nikijumlisha mara ya tatu, nikaelewa:
kengele iliyo chini ya ardhi ni nzima.
Haijakosea sauti hata moja.
Inamlilia kichwani kila usiku, safi, tamu,
wala hakuna wa kuicheka.
Nani angefukua kengele kama hiyo?

(Nimeelewa upesi kwa kuwa ninayo barua
ya chuo cha Ljubljana, mwaka wa tatu sasa,
droo ya chini, gundi yake haijaguswa.)

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Sawa. Ila koleo letu lilikuwa zima, linaning'inia ukutani.
Kilichovunjika ni mkono wa kulishika,
na juu ya mkono wahenga hawakutuachia neno.

Siku ya hamsini na moja nikatwaa beleshi,
na viatu vyangu vya ofisini.
Ardhi ilikuwa ngumu kama deni.
Jernej kasimama mlangoni na kikombe cha kahawa.
"Itakuunguza."
Nikavua glavu, nikalaza kiganja juu ya udongo,
nikakiacha pale hadi vidole vikawa vya buluu,
hadi akaionea haya baridi yangu.
Akaweka kikombe chini. Akachukua sururu.

Kalibu ilibanduka vipande vipande,
udongo, samadi ya farasi, nywele za mbuzi.
Ikatokea, kijivu, imekunjamana ukingoni,
na begani, tundu.
Kidole changu kiliingia hadi kiungo cha pili.

Nilingoja aanguke.
Akaingiza kidole chake pia,
akakizungusha polepole, kama daktari wa meno.
"Hewa. Niliimimina mbio. Niliogopa, nikakimbilia mwisho."
Kisha, kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu:
"Njia ya kutolea pumzi ni nyembamba. Tuongeze ya pili."

Miezi miwili lile dude lilikuwa na meno
na majina ya majirani wote.
Juani lilikuwa na upana wa kidole.

Tuliivunja kwa nyundo. Shaba haiozi.
Vipande vya ya pili, na ya kwanza ndani yake,
vikarudi tanurini.
Simu alipiga mwenyewe. "Imeharibika. Ndiyo, tena."
Kimya. "Krismasi siwezi kuahidi."
Akalala kitini, kinywa wazi, buti miguuni.

Ya tatu imo shimoni tangu Jumatatu.
Kesho Alhamisi. Sururu ziko mlangoni.
Sijui italia vipi.
Nimeitoa ile barua, nimeiweka chini ya taa.
Nimeigusa.
Haina moto.