Nijikune Ninapowashwa

Barua ya manispaa ilifika Jumanne, theluji ikiwa magotini.
Dada yangu Oddlaug aliifungua kwa kisu cha siagi,
akanishikia mbele ya macho:
saa thelathini na nane kwa wiki,
fedha za umma, zipitie mkononi mwako mwenyewe.
Nikacheka. Mkononi mwangu!
Nina kidole kimoja tu kinachonitii,
nacho, kama tujuavyo, hakivunji chawa.

Kabla ya hapo nilikuwa njia ya watu kupita.
Wiki moja niliwahesabu: kumi na mmoja,
kila mmoja na ufunguo wa mlango wangu
na haraka yake.
Walinilaza saa moja na nusu jioni, kama kuku,
wakazima taa, wakaenda kwa mwingine,
nami nikabaki nikiusikia mji wa Hammerfest
ukicheka huko nje bila mimi.
Walikuwa wema. Naomba hilo liandikwe.
Ila wema wao ulikuwa na ratiba,
na ratiba haikuwahi kuniuliza lolote.

Watatu waliitikia tangazo langu.
Wa kwanza alimuuliza dada, "Huwa anakula nini?"
Nikajibu mimi: "Huwa anakula wanaouliza hivyo."
Wa pili alikuwa na vyeti
na sauti ya kubembelezea watoto wachanga.
Wa tatu, Gunnvor, miaka sita akipasua samaki kiwandani,
alivua viatu, akakizunguka kiti changu cha magurudumu,
akasema, "Sijui kitu. Nielekeze."
Nikasaini kwa kidole kile kile.

Basi nikawa mwajiri.
Hakuna aliyenidokeza kwamba uhuru una makaratasi:
karatasi za saa, kodi, bima, malipo ya likizo,
risiti zimejaa sanduku la viatu.
Wala hakuna aliyenionya juu ya aibu ya kuagiza.
"Tafadhali, kama huoni taabu, ukiweza..."
hadi siku moja Gunnvor akaweka mwiko chini:
"Wewe sema tu. Unanilipa."
"Inalipa manispaa."
"Manispaa haijui supu unaitakaje."

Nikasema: ongeza chumvi. Akasita.
Ongeza, nikasema.
Supu ya samaki ikarudi kuwa bahari.
Tuliinywa yote, machozi yakitutoka,
na sijapata kuonja kitu kitamu kama lile kosa,
langu mwenyewe,
la kwanza kwa miaka tisa.

Nisidanganye, lakini. Alhamisi moja mwanawe aliugua.
Nililala nikitazama dari hadi saa tano asubuhi,
mdomo mkavu, simu imeanguka sakafuni,
karibu kama kope, mbali kama ng'ambo.
Haki ya Mungu, niliwatamani wale kumi na mmoja.
Oddlaug alipokuja aliuliza taratibu
kama tuirudishe barua.
Sikumjibu usiku ule.
Kulipokucha nikatangaza tena, nikampata kijana Eilif,
anayepiga miluzi vibaya
na huja kila Alhamisi.

Desemba. Jua lilishaaga tangu mwezi uliopita.
Saa tano za usiku nilitaka kwenda gatini.
Bila sababu. Hiyo ndiyo sababu.
Gunnvor akanivisha kofia, akanifunga mkanda,
na kidole changu kikasukuma kijiti, kiti kikaenda,
yeye nyuma yangu akilaani barafu.
Tukasimama kutazama katapila
likikusanya theluji chini ya taa za njano.
Pua ikaniwasha.
Mtu hujikuna ajipatapo, husema watu;
mimi sijipati popote.
"Juu kidogo," nikasema. "Kushoto. Siyo kwako, kushoto kwangu."
Glavu yake ikasogea.
"Hapo?"
"Hapo."