Hamsini na Sita

Jumamosi, Daraja Kavu, Tbilisi.
Theluji imeyeyuka, tope lina rangi ya chai ya jana.
Eteri ametandika shuka juu ya boneti ya gari bovu:
vijiko, nishani za vita, kamera isiyo na jicho,
na pete moja
ndani ya kikopo cha vidonge vya kikohozi.

Lasha ananivuta mkono. Anaoa mwezi wa tano.
Amenilipa lari thelathini niwe macho yake,
maana yake mwenyewe yamekwisha kupenda,
na jicho lililopenda halishiki mizani.

"Ya bibi yangu," asema Eteri, "naye kwa mama yake.
Kabla ya mapinduzi. Yakuti ya Burma."
Sijibu. Kizuri chajiuza, walisema wahenga,
lakini hawakukaa darajani hapa miaka kumi na tisa
wakiona vibaya vinavyojiuza vizuri zaidi.

Kwanza uzito, kiganjani, macho nimefumba.
Kisha naigeuza. Mnunuzi hutazama uso wa pete;
mimi naanzia mgongoni,
kule ambako sonara hakutarajia mgeni.

Mhuri: hamsini na sita.
Kichwa cha mwanamke, ubavu, kilemba kimefifia.
Si ile mia tano themanini na tatu yenye nyota
ambayo ningeitambua gizani kwa ncha ya ukucha.
Basi dhahabu haijasema uongo.
Tena imelika chini tu, upande wa kiganja,
kama kizingiti cha nyumba yenye watoto wengi.
Mghushi hukwaruza pande zote sawasawa;
maisha hayana subira hiyo.
Na chini ya kikucha kimoja, unga mkavu:
mtu huyu alikanda mkate bila kuivua.

Ningependa kuishia hapo.

Lakini lenzi haipokei rushwa.
Jiwe la ardhini huja na takataka zake,
nyuzi, ukungu, ufa kama unywele ndani ya kikombe.
Hili ni safi. Safi mno.
Na ndani kabisa mistari imepinda, yote kwa pamoja,
kama mifuo ya santuri,
na viputo viwili vya pumzi ya tanuri.
Ukiona vyang'aa, vimeundwa.

Natazama vikucha tena.
Vimeinuliwa, vikalazwa upya. Jino la koleo liko pale pale,
na lehemu ya kijivu, ya haraka,
kazi ya mtu aliyeshikiwa mshumaa.

Namnong'oneza Lasha:
dhahabu, gramu tatu na nusu, bei ya leo.
Jiwe, lari kumi, na hizo ni za heshima.

Eteri amesikia.
Nimejiandaa kwa matusi; nayajua ya darajani yote.
Anauliza tu: "Lilibadilishwa lini?"
Koleo haliandiki tarehe, namwambia. Ila fundi
hakuwa na umeme.

Anautazama mto.
"Tisini na tatu," asema, polepole, kama anayehesabu chenji.
"Baridi ile. Mtaa mzima ulipanga foleni ya mkate tangu usiku wa manane,
na sisi mezani tuna siagi.
Nikauliza, bibi, siagi yatoka wapi?
Akasema, kwa ndugu zetu wa Kutaisi."

Anaichukua pete mkononi mwangu.
"Hatuna ndugu Kutaisi."

Anaijaribu kidoleni. Inakwama kwenye fundo.
Anaisukuma kidogo, anaiacha ikae hapo hapo, nusu njia,
anakifunga kikopo kitupu.
"Kijana," amwambia Lasha, "nina vijiko."

Lasha ananunua sita, bila kuvigeuza.
Vilikuwa fedha halisi, vyote.
Hakuna aliyeniuliza.