Mshika Kamba

Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
mlango wa pili baada ya mashine ya kusaga,
siku hizi wanauza magodoro.
Watu huingia wakanong'ona, bila kuambiwa.
Husema ni magodoro yanayomeza maneno.
Nacheka kimoyomoyo. Magodoro yamekuja juzi.

Kuta zile zilijifunza kunyamaza mwaka wa sitini na nane
kwa mkono wa fundi Semkiwa, seremala wa Muheza,
aliyetimuliwa kiwanda cha kamba
kwa kuacha kazi akisikiliza mashine.
Elimu ya sauti hakuisoma. Alipiga kofi moja
katikati ya chumba kitupu, akainamisha kichwa
kama anayesubiri chenji,
kisha akamwambia baba: "Hapa inagombana."

Akavunja ukuta wa mashariki, akaujenga mshazari.
Majirani wakasema fundi kalewa, na timazi lake limelewa.
Naye: "Kuta mbili zikitazamana uso kwa uso
hurushiana maneno kama wake wenza.
Ukigeuza mmoja bega, nyumba hutulia."

Kutoka Pongwe alileta singa fupi za katani,
zile ambazo meli zilizikataa,
akazishindilia magunia, magunia nyuma ya mbao za matundu,
unene shubiri moja, kwenye kona shubiri mbili.
Chini ya mabati akaning'iniza dari ya makuti
ili masika itunyeshee bila kuimba nasi.
Kona moja tu aliiacha tupu, chokaa juu ya jiwe la matumbawe.
"Udi ukae hapa. Udi haupendi kubembelezwa."

Treni ya mizigo hakuiweza.
Saa nne usiku tulikaa kimya wote, ikapita, ina haki yake.

Na mwangwi?
Mwangwi tuliuteka kisimani.
Nyuma ya nyumba, kisima kilichoingia chumvi,
maji yake hata mbuzi aliyakataa.
Baba alifunga spika kwa kamba, kipaza sauti kwa nyingine,
na kamba zote mbili nilipewa mimi, miaka tisa,
kwa kuwa wavulana walikuwa wanacheka.
Pima mbili kwa nyimbo za harusi.
Pima nne kwa mapenzi yaliyovunjika.
Kwa kaswida, hadi fundo jekundu, karibu na maji.

Bi Mwanasiti wa Chumbageni aliimba ndani, mlango umefungwa,
mimi sikumsikia yeye; nilisikia kisima kikimwimba,
amezeeka kidogo, amesamehe kidogo.
Usiku mmoja kamba ikaniponyoka mkono mzima,
na neno "rudi" likazama nayo.
Baba alitoka mbio anipige.
Fundi akamshika kiwiko: "Sikiliza kwanza."
Walisikiliza mara tatu. Hawakulifuta.
Hata leo, ukibahatika kupata sahani ile,
"rudi" hushuka ngazi gizani,
na wajuzi huandika sababu zao.
Sababu ni mbu. Aliniuma shingoni.

Baba alipokufa, kisima kilijazwa kifusi;
juu yake limekaa tangi la plastiki.
Mwanangu Shemboza ana kompyuta.
Hubonyeza akapata kisima, kanisa, mapango ya Amboni.
"Mama, chagua."
Nachagua, nasikiliza. Vyote vina maji matamu.

Jana nilipita kati ya magodoro hadi kona ya udi.
Bado tupu. Mwenye duka anasema rangi haishiki pale.
Nikapiga kofi moja.
Jibu likaja upesi, kavu,
kama mtu aliyekuwa ameshaanza kuniita.

"Mama, unanunua au unapiga makofi?"

Nikanunua mto mmoja wa sufi.
Akaufunga kwa kamba ya plastiki.
Nikamwomba ya katani.
Hana, wala hakumbuki lini alikuwa nayo.